Kufuatilia damu na oksijeni ya mtoto mchanga bila kumtoboa: mwongozo wa wodini

Monita inasoma 96. Nyayo za mtoto ni baridi, na tangu alfajiri nepi haijalowa. Anayetazama kioo peke yake ataandika "hali nzuri" kwenye chati na kuhamia kitanda cha pili. Mwongozo huu ni wa muuguzi, tabibu au mwanafunzi aliyepangiwa wodi ya watoto wachanga ambaye hataki kuwa mtu huyo. Mzazi mwenye mtoto njiti wodini naye ana ruhusa ya kuusoma, maana ndiye anayekaa na mtoto saa nyingi kuliko sote.

Ile 96 inatoka kwa oksimita, kifaa kinachopima oksijeni ya damu kwa mwanga kupitia ngozi, na inasema jambo moja tu: katika kila sehemu 100 za hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, 96 zimeibeba. Haisemi hemoglobini yenyewe ni kiasi gani, damu inafika wapi, wala ubongo na figo vinachukua oksijeni kiasi gani kutoka kwenye damu hiyo. Piga hesabu. Gramu moja ya hemoglobini iliyojaa hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Mtoto mwenye hemoglobini ya gramu 17 kwa desilita atakuwa na mililita 22 hivi za oksijeni katika kila desilita ya damu. Mwenzake aliyepoteza damu na kubaki na gramu 8 atakuwa na 10 tu. Oksimita itawapa wote wawili 96.

Kwa hiyo unapomfuatilia mtoto una maswali matatu: oksijeni imepakiwa? Imefika? Imetumika? Hatua zinazofuata zinayajibu kwa mpangilio, kuanzia kwa vifaa ambavyo kila kituo cha afya kinavyo hadi vile ambavyo hospitali chache tu zinavyo.

Hatua ya 1: Mikono kwanza

Nawa, pasha viganja moto, kisha pima joto la mtoto kwapani. Linatakiwa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Naanza na joto kwa makusudi. Mtoto aliyepoa hubana mishipa ya damu ya ngozi, na hapo vipimo vyote vinavyofuata vinaharibika: rangi inachelewa kurudi, oksimita inatafuta mapigo bila kuyapata, na mtu anahangaikia mashine ilhali tatizo ni kofia na soksi zilizolowa. Kama anapumua vizuri, mpe joto kwanza, ikiwezekana kifuani kwa mama, halafu rudia vipimo.

Sasa pima muda wa damu kurudi kwenye ngozi. Bonyeza katikati ya kifua, juu ya mfupa wa kidari, kwa sekunde 5. Achia na uhesabu mpaka rangi irudi. Zaidi ya sekunde 3 si kawaida. Tumia saa yenye mshale wa sekunde, kwa sababu hesabu ya kichwani hukimbia mtu akiwa na haraka. Kwa ngozi nyeusi unahitaji mwanga mzuri. Rangi ya kifuani isipoonekana waziwazi, tumia unyayo, ukikumbuka kwamba unyayo huchelewa hata kwa mtoto mzima mwenye baridi kidogo.

Gusa tumbo, kisha gusa unyayo. Tumbo la moto na miguu ya baridi kwa mtoto aliyefunikwa vizuri ni dalili kwamba mwili umeanza kubania damu kwa ajili ya moyo na ubongo. Tafuta mapigo upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, kisha kwenye kinena. Ya mkononi yakiwa na nguvu na ya kinena yakiwa hafifu au hayapo, huenda mshipa mkuu, aota, umebana mahali fulani. Muite daktari kabla hujaendelea na mengine.

Rangi itazame kwenye ulimi na fizi. Viganja na nyayo za bluu katika siku ya kwanza ni jambo la kawaida. Ulimi wa bluu si wa kawaida kamwe. Pia usidanganyike na kinyume chake. Bluu huonekana pale tu hemoglobini isiyo na oksijeni inapofika gramu kadhaa kwa desilita, kwa hiyo mtoto aliyepungukiwa damu anaweza kukosa oksijeni vibaya sana akiwa amepauka tu, bila bluu yoyote.

Pumzi zihesabu dakika nzima. Mtoto mchanga hupumua kwa vipindi: anakimbia, anatulia, anakimbia tena. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne utapata namba isiyo yake. Pumzi 60 au zaidi kwa dakika, kifua kuingia ndani, au kuguna kila anapotoa pumzi, vyote vinahitaji hatua. Kusimama kwa pumzi zaidi ya sekunde 20, au pungufu ya hapo lakini mapigo ya moyo yakashuka, kuna maana hiyohiyo.

Hatua ya 2: Moyo

Stethoskopu upande wa kushoto wa kifua. Watoto wengi huwa kati ya mapigo 110 na 160 kwa dakika, ingawa aliyezaliwa akiwa ametimiza miezi yake, akiwa usingizini, anaweza kushuka hadi karibu 90 na akapanda ukimgusa. Mapigo yanayobaki juu ya 160 mtoto akiwa ametulia yana sababu: homa, maumivu, maambukizi, kupoteza damu. Moyo hukimbia mapema, presha huanguka mwishoni. Anayengoja presha ishuke ndipo ashtuke amechelewa.

Chumba cha kujifungulia kina kanuni yake. Hesabu kwa sekunde 6, zidisha kwa 10. Chini ya 100, mtoto anahitaji kupuliziwa hewa kwa barakoa na ambu, ule mfuko wa kubinya kwa mkono. Bomba la oksijeni lililoshikiliwa mbele ya pua halisaidii mapafu ambayo hayajafunguka. Chini ya 60 baada ya kumpulizia vizuri, ndipo kukandamiza kifua kunaanza. Kitovu hakiaminiki sana katika kuhesabu, kwani mapigo yake yanaweza kuwa dhaifu hata moyo unapopiga vizuri. Kipo kifaa kiitwacho NeoBeat, ambacho Hospitali ya Haydom huko Manyara ilishiriki kukifanyia utafiti. Ni kipande cha plastiki kilichopinda ambacho unakivisha tumboni, kinashika umeme wa moyo kwa vihisi vikavu bila gundi, na namba hutokea ndani ya sekunde chache. Pale kilipo kitumie. Pale kisipokuwepo stethoskopu bado ni kipimo halali.

Hatua ya 3: Oksimita

Mjapani Takuo Aoyagi alibuni kanuni yake miaka ya 1970 mwanzoni akiwa kampuni ya Nihon Kohden. Probu, yaani kihisi kinachovishwa mkononi au mguuni, hupitisha mwanga wa aina mbili, mwekundu wa nanomita 660 hivi na infraredi wa nanomita 940 hivi. Hemoglobini yenye oksijeni humeza zaidi infraredi. Isiyo na oksijeni humeza zaidi mwekundu. Kwa kuwa ateri hutanuka kwa kila pigo la moyo, mashine huchukua ile sehemu ya mwanga inayobadilika pamoja na pigo na kuiacha sehemu iliyotulia. Ndiyo maana bila mapigo hakuna namba. Ndiyo maana pia mguu unaotikisika huleta namba za uongo.

Chukua probu ya kitambaa au mpira laini ya watoto wachanga. Kibanio cha kidole cha mtu mzima, kile kinachouzwa dukani, hakikai kwenye mguu wa mtoto wa kilo mbili na namba zake si za kutegemea. Zungushia probu kwenye kiganja au unyayo hivi kwamba taa na kipokezi vitazamane. Ishike bila kukaza. Ukikaza unaziba damu ileile unayotaka kuipima na unaweza kuchubua ngozi. Funika kwa kitambaa, hasa mtoto akiwa chini ya taa za kutibu umanjano au karibu na dirisha la jua. Hamisha probu sehemu nyingine kila baada ya saa 3 hadi 4 na ukague ngozi.

Kabla ya kuandika chochote, linganisha mapigo yanayosomwa na oksimita na yale uliyoyasikia kwa stethoskopu. Yakipishana, usiandike. Tazama pia mawimbi kwenye kioo: yanatakiwa kufuatana kwa umbo moja. Baadhi ya mashine huonyesha pia kielelezo cha nguvu ya mapigo chenye herufi PI. Hiki watu hukipuuza, nami naona ni hazina ya bure. Thamani yake hutofautiana kati ya mtoto na mtoto, lakini ikiwa asubuhi ilikuwa 1.6 na mchana ni 0.5 katika mguu uleule wenye joto, damu inaufikia mguu huo kwa shida.

Mtoto aliyezaliwa sasa hivi asidaiwe 95. Weka probu mkono wa kulia na utegemee hivi: dakika ya 1, asilimia 60 hadi 65, dakika ya 2, 65 hadi 70, ya 3, 70 hadi 75, ya 4, 75 hadi 80, ya 5, 80 hadi 85, ya 10, 85 hadi 95. Oksijeni nyingi hukimbiliwa katika dakika hizi bila sababu.

Mtoto njiti anayepewa oksijeni ana dari na sakafu. Wodi nyingi hulenga 90 hadi 94 au 95, alamu zikiwekwa 89 na 95. Tafiti kubwa zilizolinganisha kulenga 85–89 na kulenga 91–95 zilionyesha vifo zaidi upande wa chini, na ugonjwa wa retina zaidi upande wa juu. Retina ya njiti haijamaliza kuota mishipa yake, na oksijeni ya kupita kiasi huivuruga. Katika miaka ya 1940 na 1950 maelfu ya watoto walipofuka hivyo. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa 1950 kabla ya muda wake, ni mmojawapo. Kwa hiyo mtoto akiwa kwenye oksijeni na kioo kikasoma 100, usifurahi. Katika kiwango hicho oksimita imeshindwa kukuambia oksijeni ni nyingi kiasi gani, kwa kuwa hemoglobini ikishajaa namba haina pa kupanda. Punguza kidogo kidogo. Kwa mtoto anayepumua hewa ya kawaida tu, alamu ya juu haina kazi. Iondoe isije ikawafanya watu wazoee kelele.

Halafu kuna suala la ngozi yetu. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walionyesha kwamba wagonjwa weusi, watu wazima, ambao oksimita iliwasomea 92 hadi 96, asilimia 11.7 ya vipimo vyao damu yenyewe ilikuwa chini ya 88. Kwa wagonjwa weupe ilikuwa 3.6. Tafiti za watoto wachanga zimeona mwelekeo huohuo. Nchini mwetu hili linawahusu karibu watoto wote, na bado mashine nyingi tunazopokea zilijaribiwa zaidi kwa watu wa ngozi nyeupe. Maana yake kitandani: 90 inayoyumba kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi itendee kama namba iliyo chini ya hapo, na usikubali namba iliyo ukingoni ikushinde hoja ilhali mtoto anaguna mbele yako.

Hatua ya 4: Mkono na mguu

Ukishaijua oksimita, dakika tano zinatosha kukagua kasoro kubwa za moyo. Subiri mtoto atimize saa 24, awe ametulia na ana joto. Pima mkono wa kulia, kisha mguu wowote. Damu ya mkono wa kulia hutoka moyoni kabla ya ule mshipa wa tangu tumboni mwa mama unaounganisha ateri ya mapafu na aota. Ya mguuni hupita baada yake. Kama damu isiyo na oksijeni inavuka kwenye mshipa huo, mguu utasoma chini kuliko mkono.

Namba zote mbili zikiwa 95 au zaidi na tofauti haizidi 3, amepita. Yoyote ikiwa chini ya 90, amekwama. Daktari aitwe sasa hivi. Zikiwa 90 hadi 94, au tofauti ni 4 na kuendelea, rudia baada ya saa moja, na zisipobadilika mpeleke kwa uchunguzi. Mara nyingi utakachokuta ni nimonia, maambukizi ya damu au presha kubwa ya mapafu, si moyo. Hayo nayo ni ya kuyapata mapema. Kipimo hiki kinaweza kuikosa aota iliyobana, kwa hiyo mapigo ya kinena uliyoyapapasa katika hatua ya kwanza hayana mbadala.

Wenzetu wa nyanda za juu wana shida yao. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na watoto wenye afya huko husoma chini kidogo kuliko wa Mombasa au Tanga. Ukifuata 95 kwa ukali mlimani, utawapa rufaa watoto wengi wazima. Wodi za huko zinahitaji kujua kawaida ya watoto wao wenyewe.

Hatua ya 5: Presha na mkojo

Presha nitaipitia haraka. Chagua kitambaa ambacho upana wake ni takriban nusu ya mzingo wa mkono. Kidogo mno huleta namba ya juu ya uongo. Pima akiwa amelala. Katika siku ya kwanza, presha ya wastani isiyopungua idadi ya wiki za ujauzito hutumika kama mpaka wa chini: njiti wa wiki 30, angalau 30. Ni kanuni ya kubahatisha kidogo, na mashine za kitambaa huwa zinasoma juu kuliko ukweli pale presha inapokuwa chini sana. Presha nzuri na ngozi mbaya? Iamini ngozi.

Mkojo ni kipimo cha mzunguko wa damu ambacho hakihitaji umeme. Pima nepi kavu, andika uzito wake juu kwa kalamu, pima tena ikilowa. Gramu moja ni mililita moja. Baada ya siku ya kwanza tegemea walau mililita 1 kwa kila kilo kwa kila saa. Mtoto wa kilo 2 aliyetoa mililita 8 katika saa 6 anadaiwa 4. Mwombe mama akuwekee nepi zote badala ya kuzitupa, na umweleze sababu. Atakuwa mtunza hesabu bora kuliko zamu tatu za wauguzi.

Hatua ya 6: Oksijeni inayotumika

Hapa tunafika kwenye swali la tatu, na kwa sasa jibu lake linapatikana katika hospitali chache. Kifaa chake hujulikana kwa herufi NIRS. Mwaka 1977 Frans Jöbsis alionyesha kwamba mwanga ulio karibu na infraredi hupenya fuvu na kurudi ukiwa na habari za oksijeni ya ubongo. Fuvu la mtoto mchanga ni jembamba, kwa hiyo mwanga hupita vizuri zaidi. Kibandiko huwekwa kwenye paji la uso, pembeni ya mstari wa katikati, mbali na nywele. Kwa njiti wadogo sana weka kinga nyembamba chini ya gundi, ngozi yao hutoka nayo.

Tofauti na oksimita, NIRS haisubiri mapigo. Inasoma damu yote iliyo chini ya kibandiko, na sehemu kubwa ya damu hiyo ni ya vena, yaani iliyokwisha kuachia oksijeni. Kwa njiti, namba huwa kati ya 55 na 85 hivi. Namba hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo usilinganishe mashine mbili.

Chukua sasa namba zote mbili upate kiasi kinachochukuliwa. Oksimita inasoma 93, ubongo 70. Toa: 23. Gawanya kwa 93: karibu 0.25. Robo ya oksijeni iliyoletwa imechukuliwa, na hiyo ni hali nzuri. Oksimita ikibaki 93 na ubongo ukashuka hadi 50, sehemu inayochukuliwa inakuwa 0.46. Ubongo unakomba karibu nusu ya kila kinacholetwa, na oksimita haikutikisika hata kidogo. Hapo fuata mlolongo. Kibandiko kimekaa? Shingo imepinda na kubana vena? Mashine ya kupumulia inamwondolea kabonidioksidi kupita kiasi? Kabonidioksidi ikishuka mishipa ya ubongo hubana, na hili husahaulika kuliko yote. Kisha moyo na presha, kisha hemoglobini, halafu mambo yanayoongeza matumizi: homa, degedege, maumivu.

Namba ya juu nayo ina habari yake. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, siku moja baadaye ubongo wake ukisoma 90 na zaidi, familia isipewe pongezi. Inawezekana seli zilizoumia hazichukui tena oksijeni, na damu inapita tu.

Je, wodi isiyo na NIRS inakosa mengi? Utafiti mkubwa wa SafeBoosC III, uliotolewa 2023 ukiwa na njiti 1,601, haukuona kwamba kutibu kwa kufuata namba hizi kulipunguza vifo au majeraha makubwa ya ubongo. Mimi nikipewa bajeti ndogo nanunua kwanza probu za kutosha za oksimita, vichanganyio vya oksijeni na hewa, na mashine za CPAP, zinazosukuma hewa puani ili mapafu yasijifunge, kisha namfundisha mtu mmoja wa wodi kutumia ultrasaundi ya moyo. NIRS itafuata.

Hatua ya 7: Kumfuatilia akiwa kifuani kwa mama

Waya si sababu ya kumnyima mtoto kangaruu, yaani kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania na kutolewa 2021 ulionyesha kwamba kuanza kangaruu mara baada ya kuzaliwa, hata kabla mtoto wa kilo 1 hadi 1.8 hajatulia, kulipunguza vifo vya siku 28 kwa robo. Weka probu mguuni, pitisha waya chini ya kitenge na uubandike begani kwa mama. Hakikisha shingo imenyooka; namba ikishuka akiwa kangaruu, angalia kidevu kama kimeegemea kifua kabla ya kuongeza oksijeni.

Hatua ya 8: Kuandika na kuita

Namba peke yake haina maana kesho asubuhi. Andika hivi: "93, mkono wa kulia, CPAP, oksijeni 30%, amelala, damu inarudi kwa sekunde 2, mapigo 148, mkojo mililita 14 tangu saa 12 asubuhi." Mwenzako wa zamu atakayekuta 93 hiyohiyo lakini kwa oksijeni ya 50% atajua mtoto amezorota, ingawa kioo hakijabadilika.

Mpigie daktari simu bila kungoja raundi ukikuta mawili kati ya haya: ngozi inayorudisha rangi kwa zaidi ya sekunde 3, mapigo yanayobaki juu ya 160 au chini ya 100, miguu ya baridi kwa mtoto mwenye joto la kawaida, mkojo pungufu, mtoto aliyelegea au aliyeacha kunyonya. Ulimi wa bluu au kusimama kwa pumzi ni sababu tosha peke yake. Anza kumsaidia huku mwingine akipiga simu.

Mwisho wa zamu futa probu kwa spiriti, ikunje kwa mzunguko mpana na uitundike. Ukiikunja kwa kukaza waya utakatika ndani pale unapoingia kwenye kichwa, na probu ya aina hiyo itaendelea kuwaka taa nyekundu huku ikisoma chochote itakacho. Ijaribu kwenye kidole chako mwenyewe kabla ya kumvisha mtoto mwingine.